Akina Mama Waliopanda Jukwaani

Nilirudi Sydney kutoka Ubelgiji na diploma ya uongozaji wa tamthilia, niliyoipata kwa kujisomesha mwenyewe, nikihudumia wazee. Kwa Kifaransa nilikuwa nimeigiza malkia na wajane, na watu walisimama kunipigia makofi. Sasa niliongoza mchezo wangu wa kwanza, kwa Kiswahili, katika ukumbi wa kanisa pale Mount Druitt, kitongoji cha Sydney tunakoishi Waswahili wengi. Mwenye jumba la maonyesho mjini aliketi mstari wa mbele. Akipenda, angenipa jukwaa lake.

Katika onyesho la msiba, mjane aliketi mkekani akilia. Kilio hicho nilimfundisha mimi, wiki sita, na kilikuwa kizuri kweli. Ghafla, kati ya watazamaji, mama mmoja wa kwaya ya kanisa akavua viatu, akapanda jukwaani, akamkumbatia. Wenzake wakamfuata, wakaanza wimbo wa msiba.

"Akina mama, shukeni, huu ni mchezo!" nikanong'ona.

"Najua ni mchezo, binti yangu. Lakini alie peke yake, sisi tunamtazama tu? Kaa nawe."

Nikakaa. Hotuba ya mwisho ya mjane haikusemwa.

Nilidhani nimeharibikiwa. Lakini mchezo ulipokwisha, yule bwana mwenye jumba akanishika mkono, akasema jukwaa ni langu, mradi akina mama waje pia. Jumapili nikawaita mazoezini.

"Mazoezi ya kufanya nini?" yule mama akacheka. "Tukisikia kilio, tutapanda. Asipolia vizuri, tutabaki kwenye viti."

Diploma yangu haikuwa na somo la jambo hilo. Mkataba nimeshautia sahihi, na sijui nitaongoza nini.