Pampu Iliyobaki

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minane anaweka kiganja juu ya mota ya pampu kama mama anayempima mwanawe homa. Ina joto, lakini si la kutisha. Anakaza nati moja, anapangusa grisi kwenye gauni, anatega sikio. Maji yanapanda bombani kuelekea zahanati na nyumba mia nne.

Watu humwita Mama Pampu. Mwajiri wake aliondoka miaka kumi na moja iliyopita. Wakazi huchangia umeme. Yeye hapati hata senti.

Pampu zilikuwa mbili. Zililetwa kupoza tanuri la kiwanda cha chuma, na maji ya ziada yakapelekwa majumbani. Enzi hizo watu elfu tatu waliingia kwa zamu, na ukitaja kwamba uko kiwandani, wakwe walikuvutia kiti. Yeye aliingia akiwa mfagiaji wa miaka kumi na tisa, akaolewa na myeyushaji wa tanurini, akajifunza pampu kwa kumshikia fundi taa.

Kisha wakubwa wakatangaza kwamba tanuri litazimwa wiki mbili kwa matengenezo. Mumewe aliwaeleza waziwazi kuwa wakilizima kabla ya kutoa chuma kilichoyeyuka, kitagandia humo humo na tanuri halitawaka tena. Wakamwambia ashughulike na koleo lake. Kikagandia. Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo.

"Hawakukosea," anasema, sauti ikianza kupanda. "Mtu ukimwonya mara tatu na bado akafanya, huyo amekusudia. Waliuua mji huu wakijua."

Miezi miwili iliyopita kiwanda kiliuzwa kama chuma chakavu. Wakataji wakafika na mitungi ya gesi hadi mlango wa nyumba ya pampu. Aliyewaongoza ni mdogo wa mumewe.

"Shemeji, mimi nimetumwa tu."

"Najua. Na mkeo leo atapikia maji ya wapi?"

Shemeji akafunga gesi, akaondoka na wenzake. Kazi hiyo hajairudia. Lakini walikuja wengine, siku aliyompeleka mumewe zahanati kwa ajili ya kifua. Aliporudi alikuta pampu moja imekatwa vipande vinne, vinasubiri lori. Alikaa sakafuni akalia kwa hasira, kisha akainuka kuwasha iliyobaki.

Alikwenda halmashauri. Ofisa aliyetia saini kibali cha ukataji alimweleza, macho yakiwa kwenye simu, kwamba pampu ni mali ya mnunuzi na wananchi wavute subira, mradi wa maji unakuja. Aliuliza lini. Akaambiwa afunge mlango akitoka.

Sasa majirani hulinda pampu kwa zamu, naye anawafundisha wanawake wawili kuiendesha.

Ofisa huyo anaishi kilimani, kwenye nyumba walizoacha mameneja. Maji anayooga yanatoka hapa hapa.

"Jumatatu nafunga koki ya barabara yao," anasema Mama Pampu, bila kupaza sauti sasa. "Ya zahanati na ya mitaa ya chini zinabaki wazi. Akitaka maji, ashuke na ndoo yake. Nafasi kwenye foleni nitampa mwenyewe, nyuma ya wajawazito."