Homa Iliyopanda Mlima

Mwanaheri alipotoka zahanati na mwanawe Salama mgongoni, kilichomsumbua hakikuwa homa tena. Dawa ya mseto alikuwa nayo, na mganga alishamhakikishia kuwa mtoto atapona. Kilichomsumbua ni jinsi ya kulitamka neno malaria mbele ya mumewe.

Kijiji chao kiko milimani, juu ya Mlalo, kwenye baridi. Tangu enzi za mababu, huko juu hakuna aliyeumwa malaria bila kushuka nyikani, chini kwenye joto. Wazee waliuita ugonjwa huo kwa jina la mdudu mwenyewe. "Ana mbu," walisema, na swali lililofuata lilikuwa moja tu: alishuka lini? Na huko nyikani, Mombo, ndiko alikoishi dereva wa lori aliyekuwa mume wa kwanza wa Mwanaheri.

Ismaili, mume wa sasa, alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, mtu asiye na kelele. Alimsikiliza mkewe hadi mwisho, kisha akauliza, "Ulimpeleka Salama Mombo lini?"

"Sijampeleka. Sijakanyaga Mombo tangu unioe."

"Kwa hiyo malaria imepanda gari ikaja yenyewe?"

Hakumpiga wala hakumfukuza. Aliacha tu kusema naye. Akirudi shamba anazungumza na mama yake, anakula, analala. Mama mkwe, ambaye siku zote alimwita Mwanaheri "mwanangu", sasa alimwita "wewe". Haikuchukua muda, hata bombani wanawake wakawa wananyamaza akifika.

Mtoto alipopona, Mwanaheri alirudi zahanati peke yake. Alimkuta Yunis, afisa afya wa kata, mwanamke mrefu mzaliwa wa Bumbuli ambaye buti zake za mpira zilijulikana kata nzima.

"Shikamoo dada. Naomba uje nyumbani umwambie mume wangu kwamba sikushuka."

"Marahaba. Si wewe peke yako," Yunis alijibu. "Nitakuja."

Alikuja kweli, na mwanzo wake ulikuwa mbaya. Alizungumza juu ya wastani wa nyuzijoto, mabadiliko ya tabianchi, na utafiti unaoonyesha hiki na kile. Ismaili aliitikia kwa adabu, vile watu wanavyowaitikia maofisa. Mama mkwe akauliza, "Hilo joto ndilo linazaa mbu?"

Pembeni ya jiko palikuwa na ndizi zimevundikwa chini ya magunia. Yunis akazitazama.

"Bibi, ndizi hizi utazila lini?"

"Kesho kutwa zitakuwa tayari."

"Na mwezi wa saba?"

"Aa, mwezi wa saba! Hapo unasubiri mpaka unachoka. Baridi haiivishi."

"Basi ni hivyo hivyo. Mbu akimuuma mgonjwa, anachukua kijidudu kibichi. Lazima kiive tumboni mwake ndipo aweze kumwambukiza mwingine. Zamani baridi yetu ilikichelewesha, mbu akafa kabla hakijaiva. Sasa baridi imepungua. Kinaiva mbu angali hai."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa polepole. Kuhusu baridi kupungua hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Maneno mazuri," alisema Ismaili. "Lakini hao mbu wako wapi?"

Yunis aliomba upawa. Akaongozana na Ismaili hadi kwenye kibwawa ambacho Ismaili alichimba mwenyewe kumwagilia kabichi, akachota. Ndani ya upawa viluwiluwi vya mbu vilikuwa vimelala bapa juu ya maji. "Wanaolala hivi ndio wa malaria," alisema. Ismaili aliutazama upawa, kisha akarudi ndani. Shaka haikumtoka. Mbu kuwepo hakumzuii mwanamke kushuka.

Aliyeiondoa ile shaka ni Mzee Timotheo, jirani yao. Mzee huyo alivunjika nyonga alipoanguka kutoka juu ya mparachichi, na tangu hapo alikuwa mtu wa kitandani. Homa ilipompanda, Ismaili alikwenda kusaidia kumwinua, na Yunis akaja na kipimo. Ilikuwa malaria.

"Mzee, ulishuka nyikani?" Yunis aliuliza kwa sauti, makusudi.

"Nishuke kwa miguu ya nani?"

Watu walicheka. Ismaili hakucheka. Jioni ile aliingia jikoni, akasimama mlangoni, akamwambia mama yake huku mkewe akisikia, "Mama, huyu ana jina. Mwite jina lake." Msamaha wenyewe ulikuja baadaye, wakiwa wawili, na Mwanaheri hakuwahi kumsimulia mtu.

Alidhani yamekwisha. Lakini Yunis alirudi na jambo jingine. Mgawo wa vyandarua ulikuwa unaviruka vijiji vya juu, kwa kuwa kwenye makaratasi huko hakuna malaria. Diwani wao, Sefania, alitaka mtu wa kuzungumza na madiwani wenzake huko wilayani Lushoto.

"Takwimu nimeshapeleka," alisema Yunis. "Wanazipokea, wanashukuru, wanaendelea na ajenda."

"Mimi nitasema nini?"

"Yaliyokukuta."

Kuyasema yaliyomkuta kulimaanisha kumtaja dereva wa Mombo mbele ya watu wazima wasiomjua. Alimwuliza Ismaili. Mumewe alizungusha kikombe mpaka chai ikapoa. "Sema," alijibu mwishowe. "Ila jina langu liache."

Siku ya kikao cha madiwani alisema, ameshika ncha ya kanga kwa mikono miwili. Alipomaliza, diwani mmoja akakohoa. "Dada, pole. Lakini hayo ni ya ndani ya nyumba. Na hili joto ni la dunia nzima, sisi tutalifanyaje?"

"Ya dunia siyawezi, mheshimiwa," alisema Mwanaheri. "Lakini makaratasi yenu yanasema kwetu hakuna malaria. Mume wangu aliamini hicho hicho mnachoamini nyinyi, nusura aniache."

Sefania akasimama hapo hapo akaomba vipimo na vyandarua.

Vipimo vililetwa. Vyandarua navyo vilikuja kabla ya mvua zilizofuata, ila kwa wajawazito na nyumba zenye watoto wadogo tu. Vibwawa vilizua ubishi ambao haujaisha, maana hakuna mkulima aliyekubali kufukia maji yake.

Siku hizi Yunis akienda vijijini humchukua Mwanaheri. Juzi, kwenye kijiji cha juu kabisa, mwanamume mmoja aliuliza kama baridi ya zamani itarudi. Mwanaheri alimtazama Yunis.

"Si katika umri wetu," alisema Yunis.

Kisha mama mmoja akauliza chandarua kinafungwaje kwenye kitanda kisicho na nguzo, na Mwanaheri akasimama kumwonyesha.