Sista Pole, Mbeba Habari za Misiba

Alizaliwa mwaka 1949, kitindamimba wa fundi viatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyonuka ngozi na gundi. Alipotimiza miaka kumi na minane aliingia utawani, akasomea uuguzi, akapangwa katika hospitali ya shirika. Huko ndiko kipawa chake kilipojulikana. Mgonjwa akifariki na daktari akakosa ulimi wa kuwaambia ndugu, yeye ndiye aliyetoka kwenda ukumbini. Aliwaketisha kwanza, akawashika mikono, ndipo akasema, "Poleni." Watu wakamwita Sista Pole.

Mama Mkuu wa shirika, aliyempenda kama mtoto wa kumzaa, aliiona hiyo kuwa neema, akamwachia kazi hiyo peke yake kwa miaka kumi na tisa. Kila kengele ya wodini ilipolia, moyo wa Sista ulianza kwenda mbio kabla hajainuka kitini. Mwaka wa sita presha ilipanda, ikagoma kushuka. Usingizi ukamhama. Likafuata tumbo la kuunguza, kisha sukari, na kidonda cha kisigino kilichokataa kupona. Mwaka wa kumi na mbili alisimama mlangoni pa ofisi ya Mama Mkuu.

"Mama, nimechoka. Hata nikiwa kanisani, mwili unasubiri kuitwa."

"Vumilia kidogo, mwanangu. Nani mwingine anaweza kama wewe?"

"Haya, Mama," akajibu, akarudi kazini. Hakuomba tena.

Waamini wanakumbuka mengi juu yake. Mwanamke mmoja alifiwa na watoto wake pacha wote wawili, akakaa siku tatu bila kula wala kusema. Sista aliketi naye sakafuni, kimya, mpaka mwanamke yule akaomba maji. Kama huo ni muujiza, Kanisa litaamua kwa wakati wake.

Alifariki Jumanne moja asubuhi, mwaka 1991, kwenye benchi la ukumbi, akiwa ametoka tu kuongea na familia ya pili siku hiyo. Mama Mkuu alipewa habari akiwa amesimama. Hapakuwa na wa kumketisha.

"Mama, nisikufiche," daktari alimwambia. "Hakuuawa na siku moja. Mwili ukikaa chonjo miaka yote hiyo, unalika kidogo kidogo, moyo na mishipa. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, lakini moyo ulikuwa wa bikizee."

"Na kama angepumzika aliponiomba?"

Daktari alitazama chini. "Huenda tungekuwa naye leo."

Tangu hapo kazi ile hufanywa kwa zamu na masista wanne, na aliyetoka kutoa habari hupumzika siku nzima. Kila mwaka, katika misa ya kumbukumbu, wahubiri waliusifu uvumilivu wa marehemu. Mwaka wake wa mwisho duniani, Mama Mkuu aliinuka kwa mkongojo katikati ya mahubiri.

"Wanangu, uvumilivu huo niliudai mimi," alisema. "Mwigeni kwa kuwaketisha wenye msiba. Na mtu akiwaambia amechoka, mwaminini mara ya kwanza."