Sauti ya Marehemu Ilipompigia Mama Yake Simu

Sikuwa na shahada. Sikuwa na gari. Sikuwa na machozi. Na tangu Machi, hapa ughaibuni, Mount Druitt, sikuwa na mke.

Lakini Jumapili ile nilimsikia marehemu mke wangu, Peninah, akimpigia mama yake simu kule Makueni.

Ngoja nieleze.

Mimi fizikia niliisomea shule ya jioni, Nairobi, nikiwa tayari na familia. Ndiyo maana napenda sinema za Kimarekani za sayansi. Zamani roketi zao zilinguruma angani. Siku hizi wamesoma: kule hakuna hewa, basi wanaacha kimya. Wanachungulia maabara kwanza, ndipo wanatunga hadithi.

Baada ya mazishi, binti yangu Jacky alinipeleka kuona mojawapo. Rubani wa anga anaongea na mamake aliyekufa. Kompyuta imeiunda sauti kutoka kwa rekodi zake.

"Dad, hii ni ya kweli?"

"Ipo tayari," nilimjibu kama mwalimu.

Nilitazama hadi mwisho. Moyoni, kavu.

Mama mkwe hakuwa ameambiwa. Ana presha, na Jacky aliogopa habari zingemuua. Kila Jumapili mama mkwe akipiga simu alimuulizia Peninah, nasi tukasema yuko kazini, mpaka uongo ukatuishia.

Jacky akachukua jumbe za sauti alizowahi kutumiwa na mamake, akailisha kompyuta.

"Dad, relax. Si wewe hupenda sayansi?"

Simu ikawekwa spika. "Habari yako, mama?" Peninah kabisa, hata kile kicheko cha puani. Nilikaa kama gunia.

Mama mkwe akaongea, sauti ikamjibu kwa heshima zote. Kisha akaniita mimi.

"Baba Jacky, huyo hajaniita mwanangu. Peninah alikufa lini?"

Peninah alipewa jina la nyanya yake mzaa mama. Hivyo, kama ilivyo kwetu Wakamba, mama yake alimwita "mama", naye akamwita "mwanangu", maisha yote. Jacky amekulia hapa. Angejulia wapi?

"Machi," nikasema.

Presha haikumuua.

"Sauti siziamini tena. Niandikie kwa mkono wako alivyokufa. Mchungaji atanisomea."

Ndugu zangu, sayansi ikiwa kwenye sinema, lipa tiketi ufurahie. Ikikufuata hadi sebuleni, kumbuka mzazi ana haki ya kumlilia mtoto wake.

Niliandika kurasa mbili. Jacky akaongeza mstari wa kuomba msamaha. Nikalamba bahasha, nikaibana kwa kiganja, nikaitumbukiza kwenye sanduku jekundu la posta karibu na stesheni.