Simba Aliyelala Juu ya Nyumba Yetu

Baba yangu alinakili ramani kwa mkono miaka thelathini na moja, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya ardhi. Hata siku ya harusi yangu alikuja na kidole gumba cheusi kwa wino, mama akamwambia aufiche mkono tukipigwa picha.

Ramani moja ya eneo letu ndiyo iliyompa sifa. Ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, akaagizwa atoe nakala mpya kisha ile ichomwe. Upande wa mtoni kulikuwa na vidoti kumi na saba, kila kidoti nyumba. Kimoja kilikuwa nyumba ya bibi yangu, hii tunayokaa mpaka leo. Mkuu wake akavitazama, akasema, "Vibanda hivi vinachafua karatasi. Mkubwa anakuja kuizindua. Weka kitu cha kutisha hapo."

Baba akachora simba mwenye taji, wiki tatu, unyoya kwa unyoya. Alijua anamlaza juu ya nyumba ya mama yake. Lakini aliwaza: ramani ni pambo la ukutani, nani asiyejua tunakokaa?

Mwezi huu kampuni moja imelitaka eneo letu. Kwenye baraza la ardhi, karani akaitandaza mezani ramani ileile.

"Mzee, onyesha nyumba yako."

"Iko chini ya manyoya, mwanangu. Niliifunika mimi."

"Mimi naona simba tu. Hapa hapakuwa na mtu."

"Kwa hiyo nilizaliwa wapi? Tumboni mwa simba?"

Watu wakacheka. Jirani yetu, fundi cherehani, hakucheka. "Mchimba kisima huingia mwenyewe, babu," alisema. "Wewe umetuingiza wote."

Ile ya zamani ilishakuwa majivu, na baba hakuwa na kingine cha kuonyesha. Tukapewa siku kumi na nne tuhame.

Kabla ya kutoka, baba aliomba aitazame tena ramani yake. Nilimshika kiwiko. Nilidhani anatafuta kidoti kilichosalia. Akapitisha kidole juu ya taji, polepole, mpaka karani akaikunja ramani.

"Wino wangu haujapauka," aliniambia njiani.

Nilikuwa nawaza vyombo vya kufunga, na pa kuwalaza wanangu watatu, na yeye.