Adolphine arudisha maji kwenye picha

Saa moja na nusu asubuhi, Adolphine Wilondja anasimika kijiti kwenye tope la ufuko wa ziwa huko Baraka, kisha anafunika juu yake bakuli la chuma linalong'aa. Anainama na kulipiga picha saba kwa simu, kuanzia ya giza hadi ya mwanga mkali. Kwenye mgongo wa bakuli anga lote linaonekana, na jua linalopanda juu ya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya maji.

"Batu banasema ni uchawi," anacheka. "Mi niko nachukua jua tu."

Adolphine, mwenye miaka 31, huchora nyumba kwa kompyuta kabla hazijajengwa. Mteja huona ukuta, bati na kivuli kana kwamba fundi amekwisha kuondoka. Mchoro mmoja humpa dola hamsini, na hapo zamani alipata kazi ya michoro minne kwa mwezi.

Picha zile saba huziunganisha ziwe picha moja ya anga, nayo, anaeleza, hufanya kazi mbili: huonekana nyuma ya nyumba, na huiangaza. Ukiiondoa, nyumba inazimika. Ukiweka nyingine, vivuli vinahama na ukuta unabadilika rangi. Ilimchukua siku kumi na moja kugundua namna ya kuificha picha ya kwanza isionekane lakini iendelee kutoa mwanga, kisha kuweka mandhari nyingine nyuma.

"Siku ile niliruka ruka kama mutoto," anasema.

Ujuzi huo ndio uliomleta Raphaël, wakala wa viwanja. Alikuwa anauza ardhi kando ya ziwa, mahali ambapo maji yalipanda na hayajarudi. Alitaka nyumba nzuri yenye jua la asubuhi la Baraka, ila nyuma yake pasionekane ziwa. Paonekane barabara kavu na miti.

Adolphine alifanya. Hafichi.

"Nilijua. Nilisema ni picha tu, muntu ataenda kujionea mwenyewe."

Wanunuzi wengi hawakwenda. Majuma matatu baadaye Sumaya, mama anayeuza ndakala, dagaa wa ziwani, huko Lweba, aliingia ofisini kwa Adolphine na picha ile mkononi. Maji yalikuwa yamebomoa nyumba yake, naye alikuwa ameuza cherehani ili apate kiwanja. Alikuwa alipe Jumamosi. Alitaka Adolphine amchoree jiko la nje.

"Mwanangu, hii barabara iko upande gani?" aliuliza.

Adolphine alimjibu: "Mama Sumaya, hakuna barabara. Pale ni maji."

"Nani aliichora?"

"Ni mimi, mama."

Sumaya alivuta kiti mpaka mbele ya kompyuta. "Basi nioneshe hayo maji."

Adolphine aliondoa barabara na miti, akaweka picha aliyoipiga mwenyewe kwenye kiwanja hicho. Nyumba haikubadilika. Mwanga ulikuwa ule ule, kivuli kile kile kikilalia upande wa milima. Ila ziwa lilikuwa limefika kwenye ngazi ya mlango.

Alichapisha picha hiyo kubwa na kuibandika kwenye mlango wa ofisi, jina la mtaa chini yake. Wanunuzi watano walijitoa.

Raphaël alifika siku ya tatu, pikipiki ikinguruma. "Umeharibu kazi yangu!"

"Jua niliacha, nyumba niliacha," Adolphine alimjibu mbele ya majirani. "Nilirudisha maji tu."

Kabla ya juma kwisha, mwenye nyumba ya ofisi alimwambia ahame. Wateja nao walipungua. Tangu Juni amechora nyumba mbili. Sasa meza yake iko kwenye baraza la shangazi yake Marthe, chini ya paneli moja ya sola.

"Nilimwambia aombe Raphaël musamaha, maisha yaendelee," anasema Marthe. "Aliniuliza, musamaha wa nini?"

Anachoombea msamaha Adolphine ni mchoro wa kwanza. Alikwenda Lweba kwa miguu yake, akamwomba Sumaya mbele ya watoto wake. Sasa anamchorea nyumba ya vyumba viwili huko juu mlimani, bila malipo.

Na kila asubuhi anarudi ufukoni na bakuli. Amekwisha kupiga picha viwanja kumi na viwili kati ya Baraka na Lweba. Kila kimoja atakiwekea nyumba, mwanga wa hapo hapo, na maji yalipofikia.

Siku ya soko atazitundika picha hizo kwenye kamba, kando ya meza ya Sumaya. Hajaomba ruhusa ya mtu.

Na Raphaël akija kuzichana?

"Achane," anasema Adolphine, akifuta bakuli kwa kitenge chake. "Nitachapisha zingine."