BOFU143C: Faili iliyotaka kumvunjia Bi Saumu nyumba

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nina kisa cha kazini, na wallahi sijatia chumvi hata punje. Chumvi yake mwenyewe inatosha.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kupima ardhi. Ofisi yetu ilikuwa Changamwe, upande wa Airport.

Tukapewa kazi ya njia ya bomba la maji huko Likoni. Ramani ya zamani ilipitisha bomba katikati ya nyumba ya Bi Saumu, mjane wa Bofu. Ukumbini kabisa! Sisi tulishuku ramani imekosea, na ili tujue kwa hakika ofisi ikaazima GPS mbili kutoka Nairobi.

Nyinyi wenye GPS kwenye simu msicheke. Zile zilikuwa na antena kama sufuria juu ya miguu mitatu, na betri ya gari ya kubebwa begani.

Mashine moja hukaa kwenye alama inayojulikana, nyingine kwenye alama unayoitafuta, na lazima ziwake wakati mmoja. Zikipishana, huna kazi. Mimi nikaenda Junda, mwenzangu Mwinyi, Mlikoni wa asili, akaenda Bofu. Tuliagana tuwashe saa tatu asubuhi.

Sasa njooni kwenye majina ya faili. Kompyuta za enzi zile zilikubali herufi nane tu. Bosi wetu, mtu wa bara, muungwana ila wa moto kidogo, akatuwekea utaratibu: herufi nne za mahali, tarakimu tatu za siku ya mwaka, halafu herufi moja ya saa uliyowasha. A ni moja, B ni mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Tukapima, mashine zikarudi Nairobi kwa ndege. Tukakaa kwenye kompyuta.

Faili yangu: JUND143I.

Ya Mwinyi: BOFU143C.

Bosi akahesabu kwa vidole. "I ni tisa. C ni tatu. Mwinyi, three a.m. ulikuwa Bofu ukimpimia nani? Majini?"

"Wallahi mkubwa, wakati huo nilikuwa kitandani kwangu. Muulize mke wangu!"

Bosi hakucheka. Akasema mashine hatupewi tena, kwa hiyo bomba litafuata ramani ya zamani.

Moyo ulinishuka. Siku ya kupima, Bi Saumu alimpa Mwinyi mahamri na mbaazi, akamwambia, "Pima vyema mwanangu, mimi sina pengine pa kwenda."

Nikaomba tufungue faili yenyewe, kwa sababu ndani mashine huandika saa. Tukafungua ya Bofu.

06:00.

Bosi akakaa chini. Jina moja linasema tatu, jingine tisa, na mashine inasema sita!

Nikafungua yangu. 06:00.

Hapo nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Setilaiti hufuata saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Sita yao ni tisa kwenye saa ya mkononi, na hiyo tisa ndiyo niliyoandika mimi.

"Mwinyi, C uliitoa wapi?"

"Si tuliagana saa tatu? A moja, B mbili, C tatu. Saa tatu ikiwa si tatu, ni ngapi?"

Bosi alitazama saa yake, akamtazama Mwinyi, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Tukabadilisha jina, hesabu ikatoka safi. Ramani ilikosea kweli. Bomba likahamia nyuma ya nyumba, kwenye minazi.

Bosi alikwenda mwenyewe kumpa habari, mimi na Mwinyi tukamfuata. Bi Saumu akapiga vigelegele, akamshika mikono yote miwili. "Mola akuweke, mwanangu. Kesho njoo unywe chai."

"Nitakuja, mama. Saa tatu."

Mwinyi akadakia, "Mkubwa, C au I?"

Nilichojifunza: kabla hamjaipa faili jina, kubalianeni kwanza ni saa ya nani. Sisi tangu siku ile tuliandika ya setilaiti; saa tatu asubuhi ni F, hakuna ubishi.

Haya, nani mwingine saa zimemponza kazini? Shusheni hapa chini, nasoma zote.

Nyumba ya Bi Saumu ipo hadi leo, na mfereji wa uani kwake unatoa maji ya bomba lile lile.